Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: Damu Yetu na Pumzi za Usiku

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Wizara ya Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KIFAA CHA KUPIMA PUMZI ZA USIKU MAKAMBAKO KABLA DAMU ZETU HAZIJACHUKULIWA KWA UTAFITI

 

Najua meza yako ina mafaili ya mikoa yote, na kila faili lina mgonjwa ndani yake. Kwa hiyo kabla ya yote naomba radhi kwa kukuchukulia muda wako adhimu. Mimi ni mtaalamu wa maabara mstaafu, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita nikichukua na kupima damu za watu wa mkoa huu wa Njombe. Utaratibu unataka nipitie kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, nami nauheshimu utaratibu huo, nakala nimempelekea. Nimeona niandike kwa uwazi kwa sababu ninaowaombea ni madereva na wagonjwa wa presha wasio na chama wala msemaji, na ni haki yao kusoma ninachokuomba kwa niaba yao. Kama kuna neno litakalokosa adabu, Mheshimiwa, naomba ulihesabie uzee wangu, usiwahesabie wao.

Ukijaliwa kufika Makambako usiku, hapa ambapo barabara ya Njombe na Songea inaachana na barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma, utakuta malori yamepangana yadi kwa yadi. Mengine yamebeba mafuta ya kwenda Zambia na Kongo, mengine yanarudi na shaba. Madereva wengi hulala humohumo ndani, kwenye kitanda chembamba nyuma ya kiti. Waulize utingo wao. Watakueleza juu ya bosi anayekoroma mpaka vioo vinatetema, halafu ghafla kimya. Kifua kinapanda na kushuka, tumbo linahangaika, lakini hewa haipiti. Zinapita sekunde kumi, ishirini, pengine zaidi. Kisha anashtuka, anavuta hewa kwa kishindo kama mtu aliyeibuka kutoka majini, anajigeuza, anaanza tena kukoroma. Mchezo huo unarudi usiku kucha. Asubuhi hakumbuki kitu. Anasema amelala vizuri, ila kichwa kinamuuma, kinywa kimekauka, na kabla hajafika Igawa macho yanaanza kufumba kwenye usukani.

Huo ndio ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, ambao madaktari huuita apnea ya usingizi. Mtu akilala, misuli ya koo inalegea. Kwa wenye ugonjwa huu njia ya hewa hujifunga, oksijeni ya damu inashuka, ubongo unamshtua kidogo ili avute hewa, na kila mshtuko unapandisha presha na mapigo ya moyo. Hesabu ya kitaalamu ni mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au kupungua sana kwa sekunde kumi au zaidi. Kuanzia mara 5 kwa saa ugonjwa upo, kuanzia 15 ni wa wastani, kuanzia 30 ni mkali. Mtu mwenye ugonjwa mkali akilala saa saba hushtuliwa mara zaidi ya mia mbili, naye anaweza asiamke kikamilifu hata mara moja.

Mheshimiwa, si ugonjwa wa Wazungu wanene, kama nilivyowahi kusikia ukisemwa. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2019 yaliweka watu wazima wa umri wa miaka 30 hadi 69 wenye ugonjwa huu duniani kuwa karibu milioni 936. Na ndugu zetu wa Benin, pale Cotonou na katika kijiji cha Tanvè, walipimwa usingizi wakiwa nyumbani kwao, zaidi ya watu 1,800, na matokeo yakatangazwa mwaka 2022: zaidi ya mmoja katika kila kumi alikuwa na ugonjwa wa wastani au mkali. Hao ni Waafrika wa mjini na wa shambani, wengi wao hawajawahi kusikia jina la ugonjwa wenyewe. Kwetu, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu. Sehemu ya presha hiyo inatoka kitandani, na hatuihesabu.

Naomba kwa unyenyekevu nitoe mfano wa nyumbani. Shemeji yangu aliendesha semi kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi. Presha yake ilikuwa haishuki. Akaongezewa dawa ya pili, kisha ya tatu, na kila kliniki aliyopita, ambazo sitazitaja, ilimuuliza juu ya chumvi, pombe na kama anameza dawa kwa wakati. Dada yangu, aliyekuwa halali kwa sababu ya mikoromo yake, hakuulizwa hata swali moja. Siwalaumu wauguzi wala madaktari, Mheshimiwa. Huwezi kuuliza usichofundishwa kukitafuta, na hata wangeuliza, kifaa cha kumpima usiku wangekitoa wapi?

Sasa niruhusu nifike kwenye damu, maana huko ndiko ninakokujua.

Ndani ya seli zetu, maelekezo ya kutengeneza protini hunakiliwa kutoka kwenye vinasaba na kubebwa na RNA. MaikroRNA ni vipande vifupi mno vya RNA, vyenye herufi za kikemia zipatazo 22 tu. Vyenyewe havitengenezi protini. Kazi yao ni kuudaka ujumbe uliokwisha kutumwa na kuuzuia usitekelezwe. Victor Ambros na Gary Ruvkun walieleza jambo hilo mwaka 1993 kutokana na mnyoo mdogo wa kwenye udongo, wa urefu wa milimita moja hivi, na kwa miaka kadhaa wengi waliona ni mambo ya mnyoo huyo tu. Mwaka 2000 ikapatikana nyingine ambayo hata binadamu anayo. Mwaka 2024 wanasayansi hao wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Katikati ya hapo, mwaka 2008, ilionekana kwamba maikroRNA zinaelea kwenye plazma ya damu bila kuharibika upesi, kwa kuwa zimefungwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta au zimeng'ang'aniana na protini. Kwa sisi wa maabara hiyo ilikuwa habari kubwa sana. RNA ya kawaida ikiachwa nje ya seli haikungoji hata uvae glovu.

Uhusiano na usingizi ni huu. Oksijeni ikipungua, seli hubadili maikroRNA inazotengeneza. Mojawapo, namba 210, inajulikana sana kwa kupanda pale seli zinapokosa oksijeni. Mtu ambaye oksijeni yake inashuka na kupanda makumi ya mara kila saa, kila usiku, kwa miaka, huenda akabeba alama ya mateso hayo kwenye damu yake ya asubuhi. Watafiti wa Hispania, Marekani na China wanazitafuta alama hizo. Wahispania walikwenda hatua moja mbele. Mwaka 2013 walitangaza utafiti wa wagonjwa 194 wenye presha sugu pamoja na apnea: waliolala na mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa puani ili koo lisifunge, ambayo Colin Sullivan na wenzake wa Sydney waliitangaza mwaka 1981, presha yao ilishuka. Haikushuka kwa wote. Mwaka 2015 wakaonyesha kwamba maikroRNA tatu za kwenye plazma, zikipimwa kabla ya tiba, zilisaidia kubashiri nani atanufaika na mashine na nani hatanufaika.

Fikiri, Mheshimiwa Waziri, hilo lingekuwa na maana gani kwetu. Kupima usingizi kikamilifu kunataka mtu alazwe usiku mzima akiwa na nyaya kichwani, kifuani, puani na miguuni, na mtaalamu akeshe naye. Mama wa Makete au mvuvi wa Manda kule Ludewa atafikaje huko? Lakini kuchomwa sindano asubuhi kwenye zahanati, hilo watu wetu wanalijua. Siku damu ikiweza kusema ukweli kuhusu usiku, na mashine chache tulizonazo zikaenda kwa wale zitakaowafaa, mkoa kama wetu ndio utakaoshukuru kuliko mikoa yote.

Siku hiyo haijafika. Kwa heshima kubwa naomba nisieleweke kwamba nakuomba ununue kipimo. Hakuna mwongozo wa kawaida wa tiba unaotumia maikroRNA kugundua ugonjwa huu. Tafiti nyingi ni za watu wachache, wengi wao wanaume, na orodha ya kundi moja haifanani na ya kundi jingine. Watafiti watahitaji damu nyingine, ya watu wengine. Na mimi naamini kwamba mapema au baadaye watabisha hodi Njombe, kwa sababu damu ya Njombe ina mambo matatu ambayo damu ya Hispania haina.

La kwanza ni mwinuko. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makambako inazidi mita 1,600. Kwa mwinuko wa Njombe, kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu kwa kama moja ya tano kuliko pwani. Mtu mzima mwenye afya kabisa, aliyelala vizuri, huku ana oksijeni iliyo chini kidogo kuliko mwenzake wa Tanga. Je, maikroRNA yake namba 210 ikoje? Kiwango kilichowekwa kwa watu wa tambarare kikiletwa huku kama kilivyo, kinaweza kuwaita wagonjwa watu wenye afya kabisa, au kuwapita wagonjwa halisi. Ajabu ni kwamba maandalizi ya kulijibu swali hili tunayo tayari. Walioijenga TAZARA kati ya 1970 na 1975 waliumia zaidi kwenye kipande cha Mlimba hadi Makambako, ambako reli inatoka bonde la Kilombero na kupanda kwa madaraja na mahandaki hadi huku juu. Ukiwapima watu wa Mlimba na watu wa Makambako, damu zao na usingizi wao, kwa kifaa kimoja na mkono mmoja, utajua ni kipi kinacholetwa na mlima na ni kipi kinacholetwa na koo linalojifunga. Sioni mahali pengi duniani ambapo jibu hilo liko umbali wa safari moja ya treni.

La pili naligusa kwa uangalifu, maana linagusa heshima ya watu wetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 uliuweka tena mkoa wa Njombe mbele ya mikoa yote kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima. Kwa jitihada za wizara yako, ambazo nazishukuru kwa dhati, watu hawa wanaishi, wanalima viazi na parachichi, wanaendesha magari, wanazeeka. Lakini VVU na uvimbe unaofuatana nao hubadili maikroRNA za kwenye damu, na baadhi ya wanaotumia dawa ya VVU ya dolutegravir huongezeka uzito, na uzito ni njia kubwa ya kuingilia apnea. Mtafiti akiwaacha kando kwa sababu wanamharibia hesabu, atakuwa ametengeneza kipimo kisichomfaa mtu mzima mmoja katika kila wanane wa mkoa huu.

La tatu ni damu yenyewe inavyosafiri, na hapa naomba unisikilize kama unavyomsikiliza fundi. Tyubu yenye kifuniko cha zambarau ikitoka kwenye sentrifuji, seli nyekundu zimekaa chini na plazma iko juu, ya manjano hafifu, safi, unaiona mwanga ukipita. Lakini kama damu ilivutwa kwa nguvu kwa sindano nyembamba, au tyubu ilifungwa nyuma ya pikipiki kutoka zahanati moja ya Lupembe msimu wa mvua, plazma inatoka na wekundu, mara nyingine wekundu mdogo ambao jicho lisilozoea halioni. Maana yake seli zimepasuka. Na seli nyekundu zimejaa maikroRNA namba 16 na namba 451. Zikimwagika, kila namba ya tyubu hiyo imeharibika, na mtu atakayeifungua mwezi mmoja baadaye kwenye maabara ya nchi nyingine hana njia ya kumwona yule bodaboda. Ndiyo maana nasema kazi ya kutenganisha plazma lazima ifanyike hapahapa, ndani ya saa chache, na watu waliofundishwa. Kisha igandishwe na kupelekwa kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) Mbeya, kilomita zipatazo 170, ambako wanazijua friza za nyuzi 80 chini ya sifuri na taratibu za utafiti mkubwa wa VVU na kifua kikuu.

Mheshimiwa, nimefika kwenye ombi, nami nalileta nikiwa nimeinamisha kichwa.

MaikroRNA peke yake haimwambii mtafiti nani anakatika pumzi. Ili ajue kwamba alama fulani ni ya ugonjwa, ni lazima amjue mgonjwa kwa njia nyingine, na njia hiyo ni kumpima usiku akiwa amelala. Yaani hakuna utafiti wa kweli wa jambo hili usiohitaji kifaa cha kupima usingizi. Basi naomba, kwa mamlaka uliyopewa na kupitia NIMR inayopitisha maombi ya utafiti wa afya nchini, liwekwe sharti: atakayetaka damu ya Njombe kwa ajili ya utafiti wa usingizi aje na vifaa vya kupima usingizi, awafundishe wauguzi wetu kuvitumia, na akimaliza aviache kwenye hospitali ya mji wa Makambako na ya Njombe, pamoja na vipuri vyake. Damu ikisafiri nje ya nchi, mkataba wa kuhamisha sampuli utaje vifaa hivyo kwa majina na idadi. Watu wa mkoa huu wametoa damu kwa miaka mingi bila kinyongo, kwa tafiti nyingi, na wazee wetu walioogopa mumiani walishawishiwa na sisi, kwa ahadi zetu. Nilitoa ahadi hizo kwa mdomo wangu: matokeo yatarudi. Mara nyingine yalirudi. Mara nyingine nilikutana na mama sokoni akaniuliza, nami sikuwa na la kumjibu.

Naomba pia majibu ya dereva yawe siri yake na daktari wake. Kuendesha na apnea isiyotibiwa huongeza hatari ya ajali zaidi ya mara mbili, na mimi nimekaa barabarani vya kutosha kujua ajali ya semi inaacha nini. Lakini tajiri akipewa majibu hayo kabla ya tiba kupatikana, madereva wataacha kuja kupimwa, watanunua kahawa na mirungi, watatupita usiku. Tiba itangulie. Kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekwisha kupita, naomba kwa heshima wataalamu wako waliangalie suala la mashine ya CPAP wakati wa kupanga vitita, hata kama ni kwa kuanza na wagonjwa wa presha sugu peke yao.

Na kuna jambo ambalo halihitaji kungoja mtafiti. Yale maswali manane yaliyotungwa Toronto mwaka 2008, STOP-Bang, yanauliza juu ya kukoroma, uchovu wa mchana, kukatika pumzi kulikoonwa na mtu mwingine, presha, uzito, umri, mzunguko wa shingo na jinsia. Yanataka dakika chache, mizani na tepu ya fundi cherehani. Yakiingizwa kwenye kadi ya kliniki ya presha kwa Kiswahili chetu, na mke au utingo akaruhusiwa kujibu lile la tatu, tutawajua wengi. Wale watakaoonekana wana dalili wavae oksimita, kifaa cha kidoleni cha kurekodi oksijeni ya damu, usiku mmoja. Oksimita nayo ina kasoro zake: mwaka 2020 watafiti wa Michigan walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi huficha upungufu wa oksijeni mara nyingi zaidi kuliko kwa weupe, na mwinuko wetu unaongeza utata. Ndiyo sababu nyingine ya kuipima hapa, kwenye vidole vyetu, kabla hatujaiamini.

Sina cha kukupa kama shukrani, Mheshimiwa, isipokuwa mikono. Kama wizara itaona vema, niko tayari kuwafundisha vijana wa maabara za Makambako, Njombe, Wanging'ombe, Ludewa na Makete namna ya kuvuta damu isipasuke na kuitambua plazma iliyoharibika, bila posho. Wataalamu wako wakija kukagua, nawaomba kwa unyenyekevu wasije na kuondoka mchana. Wafike saa nne za usiku wavae makoti, maana Juni na Julai huku si mchezo. Nitawapeleka yadini na madereva wamekubali kuwapokea.

Naomba kuwasilisha, nikikutakia afya njema na usingizi mwema.

Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa,

Mtaalamu wa Maabara Mstaafu,
Makambako, Njombe.

Nakala:
Mkurugenzi Mkuu, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR)
Mkuu wa Mkoa wa Njombe
Mganga Mkuu wa Mkoa wa Njombe
Madereva wa malori, yadi za Makambako